Chura Juu ya Mawe

Gari lilipandishwa juu ya mawe Jackson akiwa hai. Jackson akaugua homa siku tatu, akazikwa, matanga yakaanuliwa, mvua ya Tukuyu ikaendelea kunyesha kama vile hakuna kilichotokea, na gari likabaki palepale kwenye gereji ya barabara ya Ikuti. Pua juu, magurudumu ya mbele hayapo, na vyuma vinavyobeba magurudumu hayo vimetandazwa juu ya gunia la chai kama mifupa ya ng'ombe wa msiba.

Lilikuwa Triumph, gari la Kiingereza la watu wawili, fupi, la kijani, lisilo na paa. Meneja mmoja wa chai alilileta miaka ya mwanzo ya uhuru, akaondoka, akaliacha kwenye banda la shamba, kuku wakataga ndani yake miaka ishirini na zaidi. Ilipofika miaka ya ruksa, kila kilichokuwa cha umma kikapigwa mnada, Bwana Geresoni, tajiri wa viazi, akalinunua ili ampeleke binti yake kanisani kwa mwendo wa madaha. Boneti yake haikufunguka kama za magari mengine. Ilikwenda mbele nzima nzima, pamoja na taa na mabawa, ikasimama wima kama kinywa kilichoachama. Watoto wa barabarani wakaliita Chura, na jina likashika.

Tulinagwe, mjane wa Jackson, alikuwa na miaka ishirini na minne na mtoto wa miaka miwili aitwaye Shukrani. Hakulia siku ya mazishi, hakulia siku ya kuanua matanga. Wanawake walisema analilia ndani. Yeye alichungulia huko ndani, hakukuta mtu. Mwili wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unakubeba, lakini si wako. Akiambiwa ale, alikula. Chakula hakikuwa na chumvi wala hakikukosa chumvi. Mara nyingi alimlisha mtoto sehemu yake, na mama mkwe wake, Ikupa, alijifanya haoni.

Wiki tatu baada ya msiba wanaume wa ukoo walikaa sebuleni. Wanawake walikuwa jikoni, na ukuta wa kati ulikuwa wa mbao, kwa hiyo kila neno lilipita.

"Gereji bila fundi ni banda la mbuzi," alisema Hezron, kaka yake Jackson, dereva wa lori la viazi. "Kuna mtu wa mitumba kutoka Mbeya anapataka pale. Vyombo tugawane. Mama Shukrani arudi kwao Kinyala, au abaki hapa kwa mama, alime. Sisemi mimi. Mila ndiyo inasema."

"Na Chura?" aliuliza baba yao, Mzee Anosisye.

"Chura ni wa Geresoni. Aje alivute na trekta."

"Jackson alimwahidi mtu. Mwanangu hawezi kulala chini na kazi ya mtu iko juu ya mawe. Chura ashuke kwanza."

"Atashushwa na nani, tata? Wewe macho yamekwisha. Mimi kazi yangu ni usukani."

Jikoni Tulinagwe alikuwa akimenya ndizi. Alisikia mdomo wake ukifunguka. "Mama, waambie nitamshusha mimi."

Ikupa akamtazama, akatazama kisu kilichokuwa mkononi mwake, kisha akapaza sauti kwenye ukuta. "Anasema atamshusha yeye!"

Wanaume walicheka. Hezron ndiye aliyecheka mwisho. "Kwa kutumia nini? Mwiko wa ugali?"

Mzee Anosisye hakucheka. "Apewe mpaka Jumapili ijayo, baada ya ibada."

"Akishindwa?"

"Akishindwa, utafanya kama ulivyosema."

"Na akiweza?"

"Akiweza, tutakaa tena."

Haikuwa ahadi, lakini ilikuwa siku saba. Tulinagwe aliendelea kumenya. Hakujua kwa nini alisema vile. Alijua tu kwamba gereji ndiyo sehemu pekee ambako mikono yake ilijua la kufanya bila kuulizwa, na kwamba ikiwa mtu wa mitumba atatundika makoti yake pale, mikono hiyo haitakuwa na pa kwenda.

Hakuwa mgeni wa kazi. Jioni alikuwa akisoma darasa la watu wazima kwenye shule ya msingi, na tangu aanze, Jackson alimfanya karani wake. Jackson anafungua, anataja, yeye anaandika. "Andika, mwalimu," Jackson alikuwa akisema akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Daftari lilikuwa bado kwenye rafu, lina alama ya kidole cha grisi. Jumatatu asubuhi Tulinagwe alilifungua. *Nati moja, washa mbili, bushi ya kulia imekufa. Nati moja, washa mbili, bushi ya kushoto imekufa. Kiatu cha kulia kimekufa. Kiatu cha kushoto kimekufa.* Mwandiko ulikuwa wake. Alisoma ukurasa mzima jinsi mtu anavyosoma bei za sukari, akageuza.

Vitu vipya vilikuwepo. Jackson aliandikiana barua na duka moja la Uingereza, Bwana Geresoni akatuma fedha, na kifurushi kikaja posta wiki mbili baada ya mazishi. Bushi za mpira, washa, na viatu viwili vya shaba. Viatu ndivyo vilivyokuwa kazi yenyewe. Kila gurudumu la mbele lina nguzo yake ya chuma, na nguzo hiyo chini ina uzi kama wa bolti. Kiatu cha shaba kinajifunga kwenye uzi huo, na dereva akikata kona, nguzo inazunguka ndani ya kiatu. Kiatu kikifa, nguzo inakatika, gurudumu linalala chini kama sikio la mbwa. Ndivyo Chura alivyonunuliwa, sikio moja limelala.

Hayo daftari liliyasema. Namna ya kuvirudisha vyote hivyo halikusema, maana Jackson hakufika huko. Shokapu mbili tu ndizo alizokwisha kuziandaa, pamoja na springi zake, akazitundika ukutani kwa waya. Zilikuwa zikining'inia pale bado.

Mtu mmoja aliyebaki Tukuyu nzima anayeyajua magari ya namna hiyo alikuwa Mzee Anosisye. Alikuwa fundi wa shamba la chai miaka thelathini. Sasa macho yake yalikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoanza kuganda. Na hata yangekuwa mazima, Tulinagwe alikuwa mkamwana wake. Katika nyumba ile baba mkwe na mkamwana hawakutani uso kwa uso, hawali pamoja, hawasemeshani. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka apite. Jina lake halitamki. Vijana wa mjini walishaanza kuliita jambo hilo la kizamani, mchungaji naye hakulipenda sana, lakini kwa Mzee Anosisye lilikuwa bado na meno. Katika miaka minne ya ndoa Tulinagwe hakuwahi kusikia sauti yake ikielekezwa kwake.

"Lakini mama, si haoni?" alisema.

"Haoni yeye," Ikupa akajibu. "Wewe unaona. Na heshima ina macho yake."

Dawa waliipata kwa Chura mwenyewe. Boneti iliposimama wima mbele ya gari, ilikuwa ukuta. Mzee akawekewa kigoda upande wa nje, mgongo wake kwenye boneti, uso wake kwenye mvua na migomba. Tulinagwe akawa upande wa ndani, kati ya boneti na injini, amejitanda kanga kichwani kwa hadhari. Ikupa alikaa pembeni, mahali pa kuwaona wote wawili, Shukrani mgongoni, akisuka mkeka.

"Mwambie bushi haiingii kwa nyundo," alisema mzee. "Aipake sabuni."

"Anasema paka sabuni."

"Nimesikia, mama."

"Husikii mpaka nikwambie. Ndiyo mila."

Bushi ziliingia kwa sabuni. Mikono ya chini, ile ya chuma inayoshikilia magurudumu, ikarudi mahali pake, kulia na kushoto, kisha ya juu. Kila bolti alipoifikisha, mzee alimzuia.

"Mwambie asikaze. Aweke nati tu, ishike. Bushi ya mpira hukazwa gari likishakanyaga chini na uzito wake wote. Akikaza likiwa juu, mpira utasokotwa, hautamaliza mwezi."

"Usikaze. Mpira utasokotwa."

"Sawa, mama."

"Anasema sawa," Ikupa alimwambia mumewe, kisha akaguna. "Mmenigeuza simu ya posta, na malipo sioni."

Siku ya tatu mzee alifika kwenye viatu. "Mwambie shaba haili grisi. Inakunywa mafuta ya giaboksi. Vile viatu vya zamani vilikufa kwa grisi. Mtu anajaza grisi, inaganda, maji yanaingia, hakuna anayejua mpaka siku ya kona."

"Havili, vinakunywa," alisema Ikupa. "Kama mjomba wangu wa Igogwe."

Tulinagwe aliona kwamba hapo mtu hucheka. Alipanguza nguzo ya kulia kwa kitambaa na kuendelea.

Ijumaa asubuhi ndiyo iliyokuwa siku ya viatu, na ndipo lilipojulikana jambo ambalo Ikupa alilifanya kwa mapenzi tu. Kifurushi kilipotoka posta, yeye ndiye aliyekifungua. Alikuta shaba imepakwa mafuta meusi na kuandikwaandikwa kwa wino, akaona aibu kitu cha mwanawe kifike kichafu namna hiyo kutoka Ulaya. Akavisugua kwa majivu na ndimu mpaka vikang'aa kama sahani ya sadaka.

"Palikuwa na herufi?" Mzee Anosisye aliuliza.

"Palikuwa na uchafu," alisema Ikupa.

Mzee alinyoosha mkono. "Ikupa, viatu hivi si pacha. Kimoja uzi wake unakwenda kulia, kingine kushoto, kama nguzo zake. Herufi ndizo zilizosema. Nipe."

Akavipokea, akaingiza kidole gumba ndani ya kimoja, akakizungusha polepole na kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza saa ya mkononi. Kisha cha pili. "Hiki cha kulia. Kulia kwa dereva. Hiki cha kushoto."

Akampa cha kulia kwenye mkono wa kulia, cha kushoto kwenye mkono wa kushoto. Ikupa akainuka akikariri, "Cha kulia mkono wa kulia, cha kushoto mkono wa kushoto," akaizunguka boneti akiwa amevishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba mayai, akasimama analitazama gari, akaweka kila kimoja upande wa mkono uliokishika. Alikuwa amekuja kutoka mbele. Dereva hukaa ameelekea mbele, Ikupa alisimama ameelekea nyuma. Mkono ulikuwa uleule, upande ulikuwa mwingine. Hakuna aliyeona, maana aliyejua alikuwa haoni, na aliyeona alikuwa na ganzi mpaka kwenye mawazo.

Kisha Shukrani akalia, akataka uji, akalia zaidi. "Nakuja sasa hivi," alisema Ikupa. "Msifanye lolote." Akashuka na mtoto kwenda nyumbani, hatua mia mbili hivi chini ya migomba.

Tulinagwe alingoja. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Alikitazama kiatu kilichong'aa karibu na nguzo ya kulia, akaona hakuna cha kungojea katika jambo la kufunga uzi. Akakipaka mafuta, akakishikisha. Kiliuma. Kilizunguka kidogo, kikakataa. Akajua shaba mpya hukataa mwanzoni, Jackson alizoea kusema hivyo. Akachukua spana kubwa, akakibana, akaegemea.

Shaba ikalia. Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya kifaranga kilichokanyagwa.

"Acha!"

Mkono wa Tulinagwe uliacha kabla yeye hajaelewa.

"Usikaze tena. Usikiguse!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya boneti na haikupita kwa mtu yeyote. Ilikuja kwake moja kwa moja. Tulinagwe aliivuta kanga mpaka puani, akachuchumaa nyuma ya injini kama mwizi wa mahindi. Mvua. Bati. Ng'ambo, kigoda kililia, mtu akakaa tena.

"Ikupa," alisema mzee kwa sauti ya chini. Hapakuwa na jibu. "Ikupa?" Kisha: "Hayupo."

Tulinagwe hakuweza kujibu. Mdomo wake ulikuwa na miaka minne ya kutojibu. Lakini mkono ulikuwa bado na spana. Aliinua, akagonga fremu ya gari mara moja. *Ting*.

Mzee akavuta pumzi. "Moja ni ndiyo?"

*Ting*.

"Basi mbili ni hapana. Kimeingia mizunguko mingapi? Mmoja?"

*Ting*. Kisha akafikiri namna ya kusema "na kidogo", akaikwaruza fremu kwa ncha ya spana. *Krrr*.

"Mmoja na kidogo. Kirudishe kwa mkono. Weka spana chini, nataka niisikie ikilala."

Aliilaza spana ili aisikie. Akakirudisha kiatu kwa vidole, taratibu, mpaka kikaachia. Ufagio ulikuwa karibu. Akakiweka chini, akakisukuma kwa mpini, kikapita chini ya boneti. Vidole vya mzee vilipapasa sakafu, vikakipata. Kidole gumba kikaingia.

"Hiki ni cha kushoto," alisema. Akakizungusha tena. "Nilimpa mwenyewe. Mkono wa kulia, cha kulia... Alikuja akilitazama gari." Akacheka mara moja, bila furaha. "Uzi wa mwanzo umelala. Haujafa, umelala. Kuna tupa ndogo ya pembe tatu. Jackson aliificha kwenye kopo la maziwa ili watu wasiiazime."

Tulinagwe alijua makopo yote ya gereji ile. Tupa ilikuwa katika kopo la tatu, imeviringishwa kwenye karatasi.

"Nilimpa siku aliyomaliza shule," mzee aliiambia mvua na migomba. "Wenzake walipewa kalamu."

Ng'ambo hapakugongwa kitu. Hapakuwa na swali.

Kiatu kilirudi kwa njia ya ufagio. Tulinagwe akaiweka tupa kwenye uzi uliolala, akavuta. "Nzito," alisema mzee. Akavuta tena. "Nzito bado. Kama unampangusa mtoto macho." Akavuta. "Hapo. Hapohapo. Tena." Alikuwa akimwongoza kwa sikio, pigo kwa pigo, na Tulinagwe aliona vumbi la shaba likishuka kwenye kucha zake, la dhahabu, jepesi. Akakipeleka kiatu upande wa kushoto, akakileta kile kingine upande wa kulia. Akakishikisha kwa vidole viwili. Kiliingia kama kinachokwenda kwao.

*Ting*.

"Mwendeshe mpaka mwisho. Amefika? Sasa mrudishe kidogo. Usimbane hata kidogo, maana akibanwa hatakuwa na nafasi ya kukata kona."

*Ting*.

Ilikuwa saa tisa, wako kwenye kiatu cha pili, Ikupa aliporudi na mtoto mgongoni, aliyekwisha kulala na kuamka, na kibuyu cha maziwa mkononi. Alimkuta mumewe akiongea na boneti, na boneti ikimjibu.

"Mungu wangu," alisema. "Mnasemeshana!"

"Yeye hajasema neno," alisema mzee. "Mimi ndiye ninayesema. Yeye anagonga."

Ikupa akakaa juu ya tairi, akashika kichwa. "Nani mwingine amesikia?"

"Mvua."

"Basi iishie hapo."

"Itaishia itakapoishia," alisema mzee. "Mwambie alete mafuta."

"Lete mafuta," alisema Ikupa.

"Nimesikia, mama."

Safari hii Ikupa hakusema kwamba hasikii mpaka aambiwe.

Jumamosi alizishusha shokapu za Jackson ukutani. Alikata waya wake, akaukunja, akauweka mfukoni kwa kuwa haukuwa na pengine pa kukaa. Alifunga shokapu, habu, breki, magurudumu. Alipiga jeki, akatoa mawe, akalishusha gari inchi moja moja. Chura akakanyaga. Alijitikisa, akazama kidogo, akainuka, akatulia. Ndipo Tulinagwe alipolala chini na kukaza kila bolti ya bushi, uzito wote ukiwa juu yake, kama alivyoambiwa.

Bwana Geresoni alikuja jioni na koti la suti. Alimwambia apande naye. Wakaenda kwenye lami mpaka karibu na njia panda ya Igogwe wakarudi, upepo ukimvuta kanga, mashamba ya chai yakipita karibu mno na chini mno. Tajiri alikuwa akipiga kelele za furaha. "Fundi! Linakata kona kama sungura!" Tulinagwe hakuangalia chai. Alikuwa akisikiliza kona. Kona ya kulia ilinyamaza. Kona ya kushoto ilinyamaza. Hapakulia kitu. Alijua kwamba hiyo ndiyo kazi nzuri, na alilijua jambo hilo jinsi mtu anavyojua kuwa leo ni Jumamosi.

Jumapili baada ya ibada wanaume walikaa tena sebuleni, na wanawake jikoni. Hezron alikuwa ameliona gari kanisani, amewaona watu wakilizunguka. Hakuwa mtu mbaya. Alikwisha kumpa mtu wa Mbeya ahadi.

"Ameweza," alisema. "Tunamshukuru, mbele ya wote. Lakini gari moja si gereji. Mwanamke hawezi kukaa barabarani na spana, mume hana. Wazee, mila ni mila."

"Umesema mila," alisema Mzee Anosisye.

"Ndiyo, tata."

"Basi nisikilizeni. Ijumaa nilimsemesha mkamwana wangu. Kwa mdomo wangu. Hapakuwa na mtu katikati."

Sebuleni kiti kililia. Jikoni Ikupa alifunika uso kwa kanga. Kaka mdogo wa mzee, Ambindwile, ambaye sauti yake ilikuwa nzito siku zote, alikohoa. "Ulimwambia nini, kaka?"

"Nilimwambia aache."

"Na yeye?"

"Aliacha."

"Akakujibu?"

"Hakujibu. Aligonga chuma."

Mtu alicheka kupitia puani, akanyamazishwa.

"Kosa ni langu peke yangu," mzee aliendelea. "Na katika nyumba hii anayevunja heshima ya mkwe hulipa. Baba yangu alimwita Ikupa kwa jina siku jiko lilipowaka moto, yeye yuko ndani. Kesho yake alimpa jembe jipya. Ambindwile, ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Ulikuwa mpini wa mti wa msaji."

"Mimi jembe la maana sina. Nina banda la barabarani, kiwanja ni changu, na nina sanduku la vyombo nililotoka nalo kwenye chai. Vya Jackson vilitoka humo. Hiyo ndiyo faini yangu. Nampa."

"Tata!" Hezron alisimama. "Faini ya jembe haiwezi kuwa gereji nzima!"

"Baba yangu alisema neno moja," alisema Mzee Anosisye. "Mimi nilisema tangu asubuhi mpaka saa tisa."

Ambindwile ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa kizito kama sauti yake, wengine wakafuata. Hezron aliwatazama mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyeileta mila mezani. Akakaa. "Mtu wa Mbeya nitamwambia nini?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli.

"Mwambie kuna fundi," alisema Ambindwile.

Ikupa alimgeukia Tulinagwe, macho yamelowa. "Anasema..."

"Nimesikia, mama."

"Husikii mpaka nikwambie." Akamshika mabega. Akamwambia yote, neno kwa neno, banda na sanduku na jembe la msaji, kama vile ukuta ule ungekuwa wa mawe.

Tulinagwe alingoja kitu kije. Alidhani kitakuja kikubwa, kimpige kifuani, alie au acheke. Hakikuja. Palikuwa na moto, na sufuria, na Shukrani amelala kwenye mkeka na kidole mdomoni.

"Amesikia?" sauti ya mzee iliuliza kutoka ng'ambo ya mbao. Haikusema inamuuliza nani.

Tulinagwe alichukua upawa, akagonga ubavu wa sufuria mara moja.

Mfuniko ukatikisika, mvuke ukatoka. Zilikuwa ndizi za maziwa, zimeiva tangu watu watoke kanisani, wote wamezisahau. Harufu ilimfikia. Ilifika mpaka tumboni, na tumbo likaunguruma kwa sauti ambayo hata Ikupa aliisikia.

Akajipakulia, bakuli lililojaa, akakaa chini karibu na mtoto. Alikula kipande cha kwanza, akakitafuna, akaacha kutafuna, akakitafuna tena.

"Mama," alisema. "Leo umezidisha chumvi."